Mkutubi Aliyetaka Vitabu Vyote Virudi

Mkutubi hakupenda mtu aliyemaliza kitabu. Ukiingia chumbani kwake Jumamosi na kutangaza kwa fahari kwamba riwaya uliyoazima juzi umeshaimaliza yote, alikutazama kama mtu aliyekuja harusini akiwa ameshiba kwao.

"Haya, umefika," alisema. "Sasa kaa kimya utusikilize sisi tulio njiani."

Hiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza, na sheria alikuwa nazo nyingi. Jumamosi mchana, soko likishapungua watu, wasomaji wa Mazwi, hapa Sumbawanga mjini, tulikutana kwenye chumba cha kusomea cha ushirika wa wakulima, kila mtu na riwaya yake mkononi. Mmoja mmoja alieleza anachosoma wakati ule: amefika wapi, anamwonaje mhusika, kipi kinamfurahisha, kipi kinamkera, anadhani mambo yataishia wapi. Aliyemaliza hakuruhusiwa kusema lolote. Nakala zilikuwa mojamoja, na mtu akiropoka mwisho wa hadithi alikuwa amewaharibia wote waliokuwa wakiingoja.

Katekista wa kanisa la jirani, mtu mpole aliyependa riwaya za upelelezi kupita kiasi, aliwahi kujisahau akasema kwamba muuaji ni yule daktari. Mkutubi aliinuka, akafungua mlango, akamwonyesha nje kwa kidole. Alimfungia mwezi mzima. Katekista hakugomba. Kila Jumamosi alikuja na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani chini ya dirisha, akakaa kwenye keria akisikiliza, koti limefungwa hadi shingoni kwa sababu ya upepo wa Juni. Mkutubi alijua yuko pale. Alikuwa akiongea kwa sauti zaidi upande ule wa dirisha.

Sitasema Mkutubi alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Mambo hayo mwenyewe hakuyataka. Riwaya iliyoanza na babu wa babu wa mhusika aliirudisha rafuni akisema mwandishi anaogopa kuanza.

Nilimfahamu akiwa tayari mtu mzima, mrefu, mwenye sweta la kijani la kufumwa ambalo mkono mmoja ulikuwa umefumuka. Mimi ni fundi cherehani. Miaka yote ile nilimwomba anipe lile sweta nilitengeneze, naye miaka yote alinijibu kwamba sweta halimzuii mtu kusoma. Penseli ilikaa sikioni kwake kama sehemu ya sikio. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko chumba. Ukutani alikuwa amebandika maandishi ya kuwataka watu wakae kimya, na aliyekuwa akiyavunja kila siku ni yeye.

Alikuwa mtu wa hasira. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaomkumbuka sasa wanapenda kumpaka mafuta, wanasema alikuwa mama mpole aliyependa vitabu. Hakuwa mpole. Alivipenda vitabu kama watu wanavyowapenda ndugu zao wa damu, yaani kwa ugomvi. Waandishi aliwagombeza kana kwamba wamekaa benchi la nyuma. Alituonya sana tusiandike kwenye vitabu vya watu, na aliyekunja ncha ya ukurasa alilaumiwa mbele ya wote. Lakini ukisoma riwaya yoyote ya chumba kile, mahali fulani pembeni ya ukurasa ungekuta maneno madogo ya penseli: *Si kweli.* Pengine: *Muulize mkewe.* Sote tuliujua mwandiko. Siku moja nilimwonyesha.

"Mama, nani ameandika hapa?"

Akatazama kwa makini. "Panya," akasema, akaendelea na kazi yake.

Lililomchoma kuliko yote ni riwaya moja ya kipelelezi iliyofika kwenye kifurushi kutoka Dar es Salaam. Mle ndani mchawi, kama kawaida, alitoka Sumbawanga. Alikuja mjini na tunguri zake, akamroga tajiri, akafa kwa risasi. Masanja ndiye aliyekuwa akiisoma. Huyu alikuwa mfugaji Msukuma, familia yao ilihama na ng'ombe ikatua bondeni huko Ilemba, naye alikuwa akipanda mlima kuja mjini kwa shughuli za mifugo na kuazima kitabu. Aliposoma ile sehemu kwa sauti, watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Tumeshazoea, ukisafiri ukasema unatoka Sumbawanga, mtu anasogea mbali nawe kidogo kwenye kiti.

Mkutubi hakucheka.

"Mnacheka nini? Ameandika kwamba mchawi alitoka kwenye joto la Sumbawanga. Joto. Huyu mtu hajawahi kukanyaga hapa. Hajui kama tunalala na mablanketi mawili. Hajui kama tunalima mahindi wanayokula huko kwao. Anajua tunguri tu. Na ninyi mnaotoka hapa mnacheka."

"Ni hadithi tu, Mama," katekista alisema.

"Ukiandikwa wewe vibaya ni hadithi tu. Akiandikwa yeye mwandishi ni matusi."

Masanja alikuwa hana haraka ya kusema. Akafunga kitabu kwanza, kidole kikiwa ndani. "Mimi nilipohamia huku niliambiwa hivyo hivyo. Niliambiwa nisile kwa mtu. Nilipofika nikakuta wenyeji wananiogopa mimi, wanasema Wasukuma ndio wachawi. Tukakaa mwaka mzima kila mtu anamwogopa mwenzake, hakuna anayekula kwa mtu."

Hapo tulicheka tena, na safari hii hata Mkutubi alishindwa kujizuia. Lakini hasira haikumtoka. Wiki iliyofuata riwaya ile iliporudi, niliona panya ameijaza penseli kurasa nzima.

Mimi alinigombeza vizuri zaidi kwa sababu ya riwaya ya mke wa mwenye malori. Mwanamke yule mumewe alioa mke mwingine na kumleta nyumbani bila neno, naye akaondoka, akafungua hoteli yake ya chai kando ya barabara kuu. Nilikuwa nimefika pale ambapo mume anakuja hotelini kumbembeleza. Niliwaambia wenzangu kwamba mama huyu amefanya sawa na asirudi ng'o. Katekista akasema hapana, ameacha watoto, mama hawezi kuacha watoto. Tukashikana kwa maneno, yeye na mimi, mpaka nikamwambia kwamba yeye hajawahi kuletewa mke mwenzake.

Mkutubi akapiga meza.

"Fundi, na wewe Katekista. Mnamhukumu kama jirani yenu wa ukuta wa pili. Yeye hakujiumba. Mwulizeni aliyemwandika kwa nini amempa njia mbili tu, kurudi au kuacha watoto. Kwani nyumba haina mlango wa tatu?" Akanigeukia. "Na wewe ukimaliza, utaniambia kwa nini kila mwanamke anayefungua mdomo kwenye hivi vitabu lazima afe kwenye sura ya mwisho."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amesema mwisho wa kitabu.

Chumba kizima kilimtazama. Alitazama mlango, akatutazama, kisha akachukua mkoba wake akatoka nje, akaenda akakaa chini ya dirisha alipokuwa akikaa katekista. Alikaa pale mpaka tukamaliza. Jumamosi zilizofuata alifungua chumba, akatukaribisha, akatoka kukaa nje. Alitimiza mwezi wake. Hakuna aliyethubutu kumsamehe kabla.

Mtu wa namna hiyo utamfanyaje? Alikuchosha, ukaapa hutarudi, kisha mwanao akaugua.

Mwanangu wa pili alilazwa hospitali ya mkoa kwa homa ya mapafu. Mkutubi alikuja wodini bila kuitwa, na riwaya kwapani. Hakuniuliza hali. Alivuta kiti, akaanza kusoma kwa sauti pale nilipokuwa nimeishia. Mama wa kitanda cha jirani aliacha kumnyonyesha mwanawe, akasikiliza. Baada ya kurasa chache aliuliza, "Kwani huyo binti hana shangazi?" Mwingine akasema shangazi ndiye aliyeharibu. Punde wodi nzima ilikuwa inabishana kuhusu msichana ambaye hakuwapo. Muuguzi akaja akasema, "Mama, hapa wagonjwa wanahitaji utulivu."

"Hawa si wagonjwa," Mkutubi akamjibu, "hawa ni mama zao, na wametulia tangu jana mpaka wanakaribia kufa. Waache waseme."

Muuguzi alibaki pale mlangoni, na mwishowe naye akauliza shangazi alifanya nini.

Kisha ukaja wakati wa ruksa, serikali ilipoachia biashara. Mambo mengi yalikuja nao ambayo tuliyafurahia na sitajifanya kusahau. Sabuni ilirudi dukani. Sukari ikapatikana bila kufahamiana na mtu. Marobota ya mitumba yakashushwa sokoni, na wateja wangu waliokuwa wakishonesha magauni wakaanza kuniletea ya watu wa Ulaya niwapunguzie kiuno. Wanunuzi binafsi wa mahindi wakaja na malori yao kupitia Tunduma, wakanunua shambani kwa mkulima mwenyewe, na ushirika ukabaki na maghala matupu na makatibu waliojaa.

Katibu mmoja wa wale, ambaye jina lake halifai hata kuandikwa, alitujia Jumamosi tukiwa katikati ya mazungumzo. Nyuma yake alikuwa na mfanyabiashara mwenye futi kamba. Yule mfanyabiashara hakusalimia mtu. Alianza kupima ukuta, akimwomba mzee mmoja asogeze kichwa.

"Shikamoo, Mama," Katibu alisema.

"Marahaba. Huyu anapima nini?"

"Mama, chumba hiki kitapangishwa. Ushirika lazima ujitegemee sasa. Kutakuwa na video hapa, vijana wapate burudani."

"Na vitabu?"

"Vitabu vitahifadhiwa ghalani mpaka tupate mahali pengine. Na kwa kweli, Mama, dunia imebadilika. Anayetaka kitabu atanunua dukani."

"Duka gani?"

"Litakuja. Si biashara ni huria? Watu wakitaka vitabu, mtu atavileta."

Nilitazama huku na huku. Mji mzima ule, mahali pekee palipouzwa kitu cha kusoma palikuwa duka la kanisa, nalo lilikuwa na vitabu vya sala na madaftari ya shule.

Mkutubi alitoa penseli sikioni, akaiweka mezani polepole. "Katibu, wewe sasa hivi unasoma riwaya gani?"

Katibu alicheka, akamtazama mfanyabiashara ili naye acheke. "Mimi, Mama? Mimi sina muda wa hadithi. Nasoma mafaili."

"Basi hujui mtu mwingine yeyote isipokuwa wewe mwenyewe," alimwambia. "Na huyo pia sina hakika."

Tulifurahi kwa lile jibu. Tulilirudia njia nzima ya kurudi nyumbani. Lakini jibu halikuzuia chochote. Futi kamba iliendelea kupima.

Sasa nakuja mahali ambapo hasira yangu inahama. Mpaka hapo nilikuwa namkasirikia Katibu, na kumkasirikia Katibu ni jambo rahisi, kila mtu aliweza. Juma lile tulikutana kwenye kibanda changu cha kushonea, mimi, katekista, Masanja na wengine, tukakubaliana. Kila mtu abaki na kitabu alichonacho. Na kabla chumba hakijafungwa twende tuazime vingine, kila mtu kadiri anavyoweza kubeba, tuviweke majumbani. Masanja alisema baiskeli yake hubeba gunia la mahindi, haitashindwa na riwaya. Mimi ndiye niliyetumwa kumweleza Mkutubi.

Nilimkuta anafuta vumbi kwenye rafu kana kwamba kesho kuna mgeni.

"Mama, tumewaza tugawane."

"Tugawane nini? Nyama?"

"Vitabu. Tuvitunze sisi."

Akaacha kufuta. "Hivi vitabu ni vya umma, Fundi."

"Umma si ndio sisi?"

"Hapana. Ninyi ni watu mnaokaa hapa Jumamosi. Umma ni yule ambaye hajaja bado. Akija akakuta rafu tupu, nimwambie nini? Kwamba waliotangulia wamekula?"

"Mama, hawa watu watavitupa."

"Katibu amesema vitahifadhiwa. Nimempa mkono. Vitabu vyote virudi kabla ya Jumamosi. Vyote. Hata chako."

Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililonishinda. Kama angepiga kelele ningebishana naye.

Tulivirudisha. Nilikuwa kwenye riwaya ndefu kuhusu ndugu wawili wanaogombea kisima, na nilikuwa nimebakiza sura chache. Nilijaribu kuzimaliza nikiwa napiga pasi, nikaunguza kola ya shati la mteja. Sikumaliza. Ijumaa nilisimama kwenye mstari nje ya kile chumba pamoja na wenzangu, kimya kama tuko msibani. Yeye alipokea kitabu kimoja kimoja, akakagua jalada, akapitisha kidole gumba kwenye kurasa, akaweka sandukuni. Hakumtazama mtu usoni.

Masanja pekee hakuja. Alituma neno kwamba kitabu chake kilimponyoka kwenye tope akishuka mlima, kikaoza. Mkutubi aliposikia alisema, "Mwongo," akatangaza mbele yetu sote kwamba mtu yule asikanyage tena mahali atakapokuwa yeye.

Masanduku yalipelekwa ghalani, yakawekwa karibu na mabaki ya mbolea. Video ikafunguliwa. Kutwa nzima ungesikia ngumi na vilio vya watu wasiokuwapo, na watoto waliotoroka shule wamejaa mlangoni. Mvua ikanyesha. Nilimuuliza mlinzi wa ghala kuhusu masanduku, akaniambia mengi yameshatolewa.

"Yametolewa kwenda wapi?"

"Kuuzwa, Fundi. Karatasi ni mali."

Sikuamini mpaka siku niliyokwenda sokoni kununua dagaa. Mama muuzaji, mwenyeji wa mwambao wa Kasanga ambaye tulikuwa tumezoeana, alinifungia kwenye karatasi kama kawaida. Nyumbani nilipoifungua, niliona imeandikwa pande zote mbili kwa herufi za chapa. Ilikuwa mazungumzo ya mtu na baba yake. Pembeni, kwa penseli, ilikuwa imeandikwa: *Si kweli.*

Nilikaa na ile karatasi mpaka dagaa wakaliwa na paka. Kisha nikampelekea Mkutubi.

Aliisoma upande wa kwanza. Akaigeuza akasoma upande wa pili. Alivaa sweta lake, akatoka, nami nikamfuata mpaka ofisini kwa Katibu. Hakungoja kukaribishwa. Aliiweka karatasi juu ya mafaili yake, na ofisi ikanuka dagaa.

"Ulinipa mkono," alisema.

Katibu aliisogeza kwa ncha ya kalamu. "Mama, mle ghalani panya wangezimaliza. Angalau zimepata kazi."

Nilidhani atampiga. Nilitamani ampige. Badala yake aliichukua karatasi, akaikunja vizuri, akatoka bila kuaga.

Siku zilizofuata alihamia sokoni. Alisimama pale kwa wauza dagaa, na kila mteja aliyefungiwa alimwomba amwonyeshe karatasi kwanza. Akishaisoma alimwambia: "Hapa huyu kijana anamdanganya baba yake. Amefukuzwa kazi na hajasema. Utaona." Mteja akamtazama mteja mwenzake. Wengine walicheka. Wengine waliuliza, "Halafu?" naye akawajibu kwa uchungu kwamba halafu yake imefungiwa mtu mwingine. Vijana walimwita mama mwenye wazimu. Wauzaji walimvumilia, mwishowe yule mama wa Kasanga akamwambia kwa upole, "Dada, unatufukuzia wateja." Aliitikia kwa kichwa. Kesho yake hakuonekana, na wiki hiyo tukasikia amehama mji, amekwenda kukaa na dada yake kijijini Mwazye.

Hakuniaga. Na mimi sikumfuata. Nilikuwa na hasira naye, hasira iliyokaa miaka. Kila nilipopita nje ya ile video niliwaza: tungekuwa navyo. Vingekuwa kabatini kwangu, uvunguni kwa katekista, bondeni kwa Masanja. Kilichotushinda si Katibu. Katibu hakujua hata nani ana kitabu gani. Aliyevikusanya vyote, kimoja kimoja, akamkabidhi vikiwa safi bila hata ukurasa mmoja kukunjwa, ni yeye.

Nilimwona tena mara moja tu. Shule moja ya Mwazye ilinipa kazi ya kushona sare, nikazipeleka mwenyewe kwa lori la mahindi. Baada ya kuzikabidhi nikaulizia kwa dada yake Mkutubi, nikaelekezwa. Nilisikia sauti yake kabla sijaiona nyumba.

Alikuwa amekaa uani na wanawake kadhaa wakipukuchua maharage, na mmoja wao, binti aliyejifunga kitenge kifuani, alikuwa anasoma hadithi kutoka kwenye gazeti. Yalikuwa yale magazeti ya udaku yaliyochipuka miaka ile, yenye hadithi ya mapenzi inayokatizwa pale pale patamu. Nilidhani atakuwa anaidharau. Kumbe alikuwa anagomba kwa sababu gazeti la wiki iliyotangulia halikufika.

"Sasa huyu Doktari amefikaje kwenye hoteli? Wiki ya juzi alikuwa hospitali. Nani amempeleka?"

"Labda amejipeleka," mmoja alisema.

"Na mguu umevunjika?"

Nilimsalimia. Alinitambua papo hapo, akaitikia, akaagiza niletewe uji. Nywele zilikuwa zimeota mvi zote. Nilikuwa nimepanga kumpa habari za mji na kuondoka kwa heshima. Lakini wanawake walipokwenda kuanika maharage na tukabaki wawili, maneno yalinitoka yenyewe.

"Mama, mbona ulitudai vile vitabu?"

Hakushangaa. "Kwa sababu mimi ni mkutubi. Ulitaka niwaambie nini, ibeni?"

"Ungenyamaza tu. Tungeelewa."

"Mimi nilikabidhiwa, Fundi. Mtu aliyekabidhiwa hanyamazi." Aliokota punje ya maharage iliyodondoka, akaitupia kwenye ungo. "Na ninyi je? Ninyi hamkukabidhiwa na mtu. Kwa nini mlinitii?"

Nilimuuliza ana maana gani.

"Miaka yote mlikaa pale mkiwashangilia watu wa vitabuni wanaokataa amri za kijinga. Wewe na yule mke wa mwenye malori, ulikuwa karibu kumtetea kwa ngumi. Kisha mimi, mwanamke mmoja mwenye sweta bovu, nikasema leteni, na mkaleta. Mkapanga mstari. Nilikuwa nakagua kurasa nikisema moyoni, Fundi hatakuja. Nikainua kichwa nikakuona."

"Ungetufukuza," nilisema.

"Ningewafukuza, ndiyo. Kama nilivyomfukuza Masanja. Na mngekuwa na vitabu."

Nilisimama. Nilimwambia kwamba hiyo si haki, mtu hawezi kuwaamuru watu kwa kinywa chake kisha akawalaumu kwa kutii. Nilimwambia kwamba hata sasa sijui kama wale ndugu wawili walikipata kile kisima. Sijawahi kumpandishia sauti mtu mkubwa kama nilivyompandishia yeye siku ile.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Si haki," alisema. "Nani amekwambia ni haki? Kaa unywe uji, unapoa."

Nilikaa, nikanywa. Wanawake walirudi, binti akaendelea kusoma, na Doktari akavunjika mguu wa pili. Jioni Mkutubi alinisindikiza mpaka barabarani, akagombana na dereva wa lori aliyetaka kunipakia juu ya magunia wakati mbele palikuwa na nafasi. Alishinda. Nilikaa mbele.

Jibu la swali lake nililipata njiani, tukiwa tumeshaiacha Mwazye mbali. Nilikusudia kurudi nimwambie, lakini masika ile ilikata barabara. Ilipofunguka, yule binti wa gazeti alifika kibandani kwangu na kitambaa cheusi, akaniomba nimshonee haraka gauni la msiba wa Mkutubi.

Nilikishona palepale, sikumlipisha. Ningemwambia hivi: Mama, hatukuitii amri. Tulirudisha kwa sababu ulikuwa ni wewe uliyesema. Angekuja Katibu mwenyewe na askari wake, asingeondoka hata na jalada.